Sikukuu Yangu Niliila Jumanne

Kwetu Unguja bembea haipandwi siku yoyote. Ina siku zake. Mwezi uandame kwanza, uvishwe nguo mpya, upite kwa bibi na kwa mashangazi kukusanya pesa za sikukuu, halafu jioni mwende Mnazi Mmoja au Kariakoo, kundi zima, wakubwa wamewashika wadogo mikono. Idd mosi, Idd pili, Idd tatu, Idd nne. Siku ya tano uwanja una vumbi na vijiti vya mishikaki tu, na mtoto aliyebakiwa na shilingi mfukoni atangoja mpaka Mfunguo Tatu, mwezi wa Idd kubwa.

Nairobi hakuna Idd nne. Kwenye kalenda ya serikali Idd-el-Fitri ina siku moja ya mapumziko, na Idd kubwa aghalabu hutangazwa siku chache kabla. Mimi ni mpishi katika mkahawa wa chakula cha Pwani, na siku hiyo moja ndiyo siku ngumu kuliko zote jikoni kwetu. Biriani inashuka, nyingine inapanda. Oda zinatoka South C, Eastleigh, Parklands, mpaka Ngara. Mama akipiga simu kuniuliza nimekula nini, naipokea simu kwa bega huku mkono uko kwenye mwiko, na ninamjibu, Alhamdulillahi mama, nimekula. Ukweli ni kwamba nimeonja tu, kijiko hiki na kile, kutazama chumvi.

Tuko wengi. Mlinzi wa lango, muuguzi wa zamu ya usiku, dereva wa teksi ya programu, dada wa kazi za nyumbani, msichana wa kaunta ya hoteli. Wengi wetu tumetoka mbali, na wenzetu wanapopumzika ndipo sisi tunaposhika kazi. Nawaandikia hao hasa. Sikukuu iliyokupita jikoni au getini haijafutika. Unayo bado, na unaweza kuila siku nyingine, peke yako, bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi niliila Jumanne moja ya Julai.

Julai si mwezi ambao mtu wa Nairobi angekushauri utoke. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti pepo zilezile za kusi zinazojaza tanga za ngalawa kwetu huku hupanda nyanda za juu na unyevu wake na kugeuka wingu zito linalotanda asubuhi nzima. Baridi yake haiui, ila inakaa mifupani. Wanafunzi wako darasani, muhula wa pili haujaisha. Watalii wamekwenda Maasai Mara kuwatazama nyumbu wakivuka mto. Nilingoja pia Saba Saba ipite. Kwetu Tanzania tarehe 7 Julai ni mapumziko, na Dar es Salaam kuna maonyesho ya biashara ambako watoto wanabebwa mabegani. Kenya ni kumbukumbu ya mwaka 1990, watu walipokusudia kukutana Kamukunji kudai vyama vingi, na katika miaka ya karibuni imetokea barabara za katikati ya jiji zikafungwa siku hiyo.

Jumanne ndiyo siku yangu ya kupumzika, kwa kuwa mwisho wa wiki ni mali ya wateja. Nikavaa sweta, nikajifunga mtandio wa sufi, nikashuka mjini na kupanda matatu ya Ruaka. Saa tano asubuhi matatu ilikuwa nusu tupu na kondakta alikaa kitini kama abiria. Limuru Road inapita ubavuni mwa msitu wa Karura, na mimi kila nikipita pale huufungua dirisha hata kukiwa na baridi. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwenye msitu huo Januari 1999, walipokwenda kupanda miti mahali ambapo ardhi ilikuwa imegawiwa watu binafsi wajenge. Harufu ile ya majani mabichi inayoingia ndani ya matatu tunadaiwa nayo.

Nilikuwa nakwenda Two Rivers, kituo kikubwa cha maduka kilichofunguliwa mwaka 2017, mpakani mwa Nairobi na Kiambu. Pale kuna gurudumu la kupanda watu linaloitwa Eye of Kenya, mita 60 kwenda juu, na nilikuwa nimelitamani tangu nilipoliona kwa mbali kutoka barabarani. Jumamosi na Jumapili ni mahali pa familia, keki za kuzaliwa na foleni. Jumanne ile nilisikia viatu vyangu mwenyewe nikitembea.

"Uko na watoto wangapi, madam?" akaniuliza kijana wa mlangoni.

"Niko peke yangu, kaka."

"Karibu sana," akasema, na alinitazama usoni aliposema. Swali lake lilikuwa la haki. Viti vya mahali kama pale vimetengenezwa viwili viwili, bei zinahesabu familia, na kila pembe mtu amemshika mtu. Mwanamke mzima aliyekuja mwenyewe siku ya kazi inabidi aeleweke kwanza. Lakini ukishajibu mara moja bila kuinamisha kichwa, hakuna anayeuliza tena.

Mwendesha gurudumu alinipandisha, akafunga mlango, akaniinua kidogo, kisha akasimamisha. Chini niliona anawaelekeza kina mama wawili na mtoto mdogo, na akawasubirisha mpaka behewa la upande wa pili likafika. Baadaye nilipomuuliza alinieleza vizuri sana. Watu wakiwa wachache hawajazwi upande mmoja. Uzito unagawanywa huku na huku ili mashine isivute kwa taabu. Kumbe nyinyi mlio mkabala, msiojuana, ndio mnaosawazishana. Akaniambia pia kwamba gurudumu la kwanza la namna hii lilisimamishwa Chicago mwaka 1893 na mhandisi George Ferris, mita 80 hivi, mabehewa 36 ya watu 60 kila moja. Nikamsimulia naye habari za bibi yangu, aliyezoea bembea za mbao zilizozungushwa kwa nguvu za mikono ya vijana, na vijana hao walichoka kama punda mwisho wa siku. Alitaka kujua kila kitu. Jumapili asingepata nafasi ya kuniambia hata neno zaidi ya "shika hapo".

Kule juu nitakusimulieni nilichoona, maana ndicho nilichofuata. Upande mmoja Ruaka, ghorofa zimebanana, nguo zimeanikwa kwenye kila baraza zikingoja jua ambalo halijaja. Upande wa pili Runda, mapaa ya vigae ndani ya miti. Karura nyuma yake, kijani cheusi. Mjini minara ilionekana nusu, vichwa vimemezwa na wingu. Behewa liliyumba kidogo na kiti cha mbele yangu kilikuwa kitupu, na hapo nilimkumbuka dada yangu kwa uchungu, kwa sababu Kariakoo yeye ndiye aliyekuwa ananifunika macho tukifika juu. Nililia. Sikujizuia, na hapakuwa na mtu wa kunipa pole, na nilipomaliza kulia gurudumu lilikuwa bado linazunguka na nikaendelea kutazama. Nilikuwa na haja ya kilio kile tangu Idd.

Nikashuka, nikalipa kwa M-Pesa, nikapanda tena.

Magari ya kugongana hayachezwi na mtu mmoja. Mhudumu aliniomba nisubiri kidogo, labda atatokea mwingine, na aliyetokea ni shosho mmoja na mjukuu wake wa kiume ambaye hajaanza skuli. Nikamwamkia shikamoo. Akacheka kwa furaha, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, "Marahaba mwanangu, wewe si wa hapa." Mjukuu hakuruhusiwa kupanda bila mtu mzima na shosho mgongo wake haukuwa tayari kwa vishindo. "Mchukue tu," akaniambia. Mwanamke ambaye dakika tano zilizopita hakunijua! Tukapanda, mimi na yule bwana mdogo, na mhudumu akachukua gari jingine ili tupate wa kumgonga. Mtoto alinipigia makelele sikioni, "Huyo! Huyo! Mgonge!" mpaka sauti ikamkauka.

Tulipokaa kunywa chai shosho aliniambia kitu nilichokuwa sikijui. Watoto wake walipokuwa wadogo hawakuwa wakienda mahali kama hapa. Walingoja Krismasi. Familia zilitoka Kangemi, Kawangware na Kariobangi kwa miguu au kwa basi, zikiwa na nguo mpya, zikaenda Uhuru Park kupanda mashua za kidimbwini, kula aiskrimu na kupigwa picha na wapiga picha wa bustanini. Picha moja mwaka mzima. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969, na mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga humo jengo la ghorofa 60. Aliyesimama kulipinga mpaka mpango ukafa ni Wangari Maathai, yuleyule wa Karura. Shosho alimtaja kwa jina moja tu, Wangari, kama mtu wa kijijini kwao.

Basi Nairobi nayo ilikuwa na Mnazi Mmoja yake, na nguo mpya, na kungoja. Miaka yote niliyopita Uhuru Highway nikitazama ile miti sikujua kwamba nyuma yake kuna utoto unaofanana sana na wangu. Na nisingejua kama ningekwenda Two Rivers na kundi. Katika kundi mimi ndiye mbeba mikoba, ndiye wa kuulizia choo kiko wapi, ndiye wa kukumbuka maji ya kunywa. Siku ile nilikuwa na kikombe kimoja cha chai na masikio mawili yaliyo huru.

Tuliagana getini. Mtoto alikuwa amelala begani kwa shosho, na mimi nilimbebea mfuko wake mpaka kituoni, nikanunua mahindi ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, moja langu, moja lake.

Ukitaka kwenda, nenda baada ya adhuhuri, wingu la Julai mara nyingi hupasuka kuanzia saa nane na ndipo kuna cha kuona. Vaa soksi. Wasalimie wahudumu na uwaulize kazi yao inakwendaje, wana muda na wana mengi. Mwenzangu mmoja jikoni, Mgiriama wa Kilifi, amesikia habari hizi na ameshaomba zamu yake ibadilishwe ili twende sote kabla skuli hazijafungwa Agosti. Nimemwambia nitakwenda naye kwa moyo wote, ila Jumanne ya kwanza aende mwenyewe.