Ndege wa siafu
Jamani leo asubuhi msitu wa Kakamega nimeona kitu mpaka sasa kimenikaa kichwani, siafu wametoka wamefunika njia nzima, panzi, mende na buibui wanakimbia kuokoa roho, na kwenye kijiti hapo chini chini wametulia ndege wawili kifua rangi ya kutu wanasubiri tu. Neocossyphus, ndio jina la kitaalamu la hawa ndege wa siafu! Hawafuati siafu kuwala, wanadaka wale wanaokimbia. Mmoja kashuka kabeba mende karudi palepale, akachezesha mkia nikaona zile ncha nyeupe, nilikuwa hatua tano hivi, siafu washaingia kwenye soksi ila sikusogea. Kwa kweli wakikata huu msitu hawa watakula wapi, inaniuma sana. Mwenzake wa mkia mwekundu yuko Pwani ya Kenya, msitu wa Arabuko-Sokoke, Disemba namfuata.