Siku moja na injini ya mgodini

Saa 10:30 alfajiri. Banda la injini ya mvuke lina giza na ubaridi. Kabla sijagusa kiberiti, namulika kioo cha maji, kinachoonyesha kiwango cha maji ndani ya boila. Mimi ni mtia makaa, na mtia makaa hawashi moto mpaka ameyaona maji kwa macho yake. Kisha naingiza kichwa ndani ya tanuri na kukagua vizibo vya risasi vilivyo kwenye dari lake. Maji yakishuka hadi dari likabaki wazi, risasi huyeyuka na mvuke huvuma ndani ya moto kutuonya kabla chuma hakijalegea. Leo ni pakavu, hapavuji popote.

Nazoa majivu ya jana kutoka chemba ya moshi na trei ya chini. Kazi hii haina mapambo: ni beleshi, toroli na vumbi la koo.

Saa 11:15. Natandaza makaa kwenye chanja, naweka kuni na matambara yaliyoloweshwa mafuta ya taa, nawasha. Injini ya mvuke haiamshwi kwa pupa. Ukiipasha moto haraka, vyuma vinatanuka kwa kupishana na mabomba yataanza kuvuja. Kwa hiyo nakaa nayo, nikiongeza kidogo kidogo.

Hapa ni Foxfield, Staffordshire, Uingereza, reli iliyojengwa 1893 kutoa makaa ya mawe mgodini. Mgodi ulifungwa 1965, na reli sasa inaendeshwa na sisi wa kujitolea. Injini yangu ya leo ni ya aina iitwayo Hunslet Austerity: magurudumu sita, tani 48 hivi, tangi la maji limekaa juu ya boila kama tandiko juu ya punda. Ilibuniwa Leeds kwa ajili ya jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ya kwanza ikatoka 1943, na hadi 1964 zilikuwa zimejengwa 485. Nyingi ziliishia migodini, hasa baada ya serikali kuitwaa migodi tarehe 1 Januari 1947.

Viwanda kadhaa vilisaidia kuzijenga, kikiwemo Vulcan Foundry cha Newton-le-Willows. Nilipolijua hilo nilinyamaza kwa muda. Kiwanda hichohicho, katikati ya miaka ya 1950, kilijenga injini za daraja la 31 za East African Railways, shirika la reli la Afrika Mashariki, zile zilizopewa majina ya makabila. Babu yangu alikuwa mchochea moto Nakuru. Yeye hakushika beleshi, maana zao zilichoma mafuta mazito, lakini macho yake yalikuwa palepale yalipo yangu: kwenye kioo cha maji na mshale wa geji ya shinikizo la mvuke.

Saa 1:00 asubuhi. Mshale umetikisika. Dereva yuko chini ya injini, ndani ya shimo, na kopo la oili. Silinda za Austerity zimefichwa katikati ya fremu, kwa hiyo kila kiungo hutiwa oili kwa kujipenyeza humo. Ni mzee wa hapahapa, na huniita "duck", kama watu wa Staffordshire wanavyomwita mtu wanayempenda.

"Umekunywa chai, duck?"

"Bado, mzee."

"Kunywa sasa. Baadaye hutapata nafasi."

Saa 3:30. Abiria, watoto, honi. Safari mbili, hazina la kusimulia.

Saa 6:00 mchana. Tumeshuka hadi mgodini kuchukua mabehewa ya makaa kwa maonyesho. Kurudi juu kuna mwinuko wa 1 kwa 19: mita 19 mbele, mita moja juu. Kwa reli hilo ni kama ukuta.

Nimejenga moto mnene nyuma, chini ya mlango, mwembamba mbele. Mshale uko karibu na shinikizo la pauni 170 kwa inchi ya mraba, mwisho wake. Maji yamejaa robo tatu ya kioo, kwa sababu njiani sitaki kuingiza maji baridi yaniue mvuke. Mzee anafungua mvuke. Injini inagutuka, inakohoa, inashika. Kila pumzi inayotoka kwenye bomba inavuta moto kwa nguvu kiasi kwamba vipande vidogo vya makaa vinaruka kabla havijatua.

Katikati ya kilima, mshale unaanguka: 155, 145. Nafungua mlango, nakinga macho kwa ubapa wa beleshi, naona tundu jeusi kwenye kona ya kushoto. Hewa baridi inapenya hapo. Mabeleshi manne, palepale, mlango nafunga. Mzee hasemi neno, ananyunyiza mchanga tu magurudumu yasiteleze. Mshale unasita. Unapanda.

Kileleni maji yanakimbilia mbele ya boila na kiwango kwenye kioo kinashuka ghafla. Hapo ndipo pa hatari, si kilimani. Nafungua injekta, kifaa kinachosukuma maji ndani ya boila, nasikia ikiimba, ndipo napumua.

Saa 8:00. Mkate na chai, mikono myeusi. Wengi hudhani mvuke Uingereza uliisha Agosti 1968, reli za taifa zilipouacha. Mgodini Bold, karibu na St Helens, Austerity zilikuwa bado zinavuta makaa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakuna aliyezipungia mkono stesheni. Zilianza alfajiri kama wachimbaji, zikachafuka kama wao. Mgodi wa mwisho wa kina kirefu Uingereza, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015, na makaa tunayochoma leo yamevuka bahari. Hilo linaniuma kila ninapojaza beleshi.

Saa 12:00 jioni. Tunaingia bandani. Naacha moto ufifie, naondoa majivu, najaza boila hadi juu ya kioo, nafunika bomba la moshi kwa bati ili joto lisitoroke. Mzee anapitisha kitambaa cheusi kwenye mkono wa kufungulia mvuke, mara mbili, kisha anavaa koti.

Ubavu wa boila bado ni wa moto. Nauwekea kiganja kidogo kabla ya kuzima taa.