Nusu saa ofisini kwa mwalimu

Jumapili jioni, wiki ya tatu ya muhula

Wiki ya tatu ndiyo ya kubisha hodi kwa mwalimu. Kabla yake ratiba bado zinagongana, na mwishoni mwa muhula kila ofisi ina foleni ya wanaodai maksi za kozi wek, yaani za kazi na majaribio ya muhula. Vyuo vikuu vyetu vingi hapa Tanzania humpangia mwanafunzi mshauri wa kitaaluma, jina likabandikwa ubaoni idarani, na wengi huhitimu bila hata kumjua sura. Hasara haionekani mapema. Inakuja kuonekana mwaka wa tatu, mada ya utafiti inaporudishwa mara ya nne.

Chukua mada isiyokosekana mwaka wowote: "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana wa Tanzania." Mwalimu mlezi haisahihishi, anauliza. Vijana gani? Wa wapi? Athari ipi: ya kipato, ya masomo au ya usingizi? Utaipimaje kwa wiki nane na nauli ya daladala? Nusu saa baadaye mada imebaki hivi: jinsi wauza mitumba wa soko la Karume wanavyotumia makundi ya WhatsApp kupata wateja. Sasa dodoso lina watu wa kujibu, na sura ya tatu, ile ya mbinu, inaandikika. Vitabu vya mbinu za utafiti vina maelezo yote hayo, ila kitabu hakikuulizi swali ukababaika.

Nenda na karatasi moja: tatizo kwa sentensi mbili, vitu vitatu ulivyosoma, na pale ulipokwama. "Dokta, naomba unisaidie utafiti" halijibiki. "Shikamoo Dokta, nimeshindwa kuamua kati ya dodoso na mahojiano kwa watu thelathini, nimekuja na rasimu za yote mawili" linajibika kwa dakika kumi. Usiku huohuo mwandikie barua pepe ya mistari minne: mlichokubaliana, utakachofanya, lini utakileta. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mwalimu mwenye wanafunzi kumi na watano hawezi kukumbuka alimwambia nani nini. Mwezi ujao atakupa ushauri unaopinga ule wa kwanza, na lawama zitaanzia hapo.

Halafu kuna kupotea. Rasimu imerudi imejaa wino mwekundu, mwanafunzi anaona aibu, anajificha miezi miwili, kisha anaibuka na sura tano usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Hakuna wa kuzisoma. Kurasa tano kila wiki mbili zinasomwa, hata zikiwa mbovu.

Wala si lazima mlezi wako awe profesa. Mkufunzi msaidizi anayeendesha semina ameshasahihisha kazi zako, anajua unapoteleza, na yeye mwenyewe katoka kwenye madawati hayo juzi tu. Atakwambia pia mapema kwamba nafasi kama yake huombwa kwa GPA (wastani wa alama) ya 3.8 kwenda juu, jambo la kulijua mwaka wa kwanza ambapo bado inafikika. Kwenye barua ya mapendekezo cheo cha profesa kina uzito, sikatai, lakini barua ya profesa asiyekujua huwa mistari mitatu: alisoma kozi yangu, alipata B+, ana nidhamu. Kamati ya ufadhili huona mara moja kwamba aliyeandika hamjui mtu huyu. Omba barua wiki tatu kabla, ukiambatanisha matokeo, wasifu, tangazo lenyewe, tarehe ya mwisho, na ile kazi uliyomfanyia ikavutia.

Kuna na upande ambao wakubwa huusemea pembeni. Mikutano iwe ofisini, saa za kazi, mlango wazi. Mwalimu anayetaka mkutane baa au gesti kuzungumzia sura ya nne hana habari na sura ya nne. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113. Usifute ujumbe hata mmoja. Zile barua pepe za mistari minne nazo zitaonyesha kazi ilikuwa imefika wapi siku maksi ziliposhuka ghafla.