Spanakopita ya nyumbani, na kwa nini usimsikilize kila mtu

Kwanza niseme hivi: mtu aliyekwambia uchemshe spinachi ndo utengeneze spanakopita, ile pai ya Kigiriki ya spinachi na jibini la feta, hakutakii mema. Nimeshaishi Athens miaka kadhaa, mtaa wa Kypseli, ambako Kiswahili unakisikia mpaka foleni ya mkate, na kwa muda mrefu pai za Kigiriki nilikuwa nanunua tu kama kila mtu. Asubuhi unapitia tiropita, ile ya jibini, euro mbili na ushee, unakula huku unatembea, makombo yanakujaa kifuani, unaingia kazini umeshiba. Nani ahangaike na kukanda?

Nilikuja kuhangaika kwa sababu ya kazi. Namtunza bibi mmoja mzee sana, kwao ni vijiji vya Zagori, milimani juu ya Ioannina, Epirus, kaskazini magharibi huko. Sasa watu wa Epirus na pai, hapo umegusa penyewe. Wafugaji wa milima ile, Wavlachi na Wasarakatsani, walikuwa wanahama na kondoo wao msimu kwa msimu, na pai ndo chakula kilichowafaa maana unga upo, jibini lipo, na ndani unatia chochote ulichookota njiani. Kwa hiyo bibi wangu pai ya dukani hali. Anaifunua kwa uma, anachungulia, anaifunika tena, anasogeza sahani. Hasemi neno. Bora hata angetukana.

Nikaomba ushauri kwa jamaa mmoja ambaye kakaa Ugiriki kuliko mimi (na hilo hachoki kukukumbusha). Akasema kaka, hiyo kazi ndogo, nunua filo ya friza (yale mashuka membamba ya unga yaliyo tayari), chemsha spinachi, vunjia feta, panga, oveni nusu saa, umemaliza. Na filo ikiwa imeganda iweke juu ya hita, inayeyuka chap.

Basi nikafanya hivyo hivyo alivyosema, neno kwa neno. Zile filo za pakiti ni nyembamba mno, na zinatakiwa ziyeyuke taratibu ndani ya friji usiku kucha, zikiwa kwenye pakiti yake, kitu ambacho kimeandikwa kwenye pakiti yenyewe lakini mi nilikuwa na mtaalamu bwana, ya nini kusoma pakiti. Juu ya hita kingo zikakauka zikawa zinavunjika ukizigusa tu, huku katikati zimeloa zimegandana, ukivuta moja zinakuja sita. Nikawa nabandika vipande vipande na siagi kama fundi wa kuziba pancha. Spinachi kilo nzima, ilipochemka ikabaki ngumi moja, ila ngumi iliyobeba maji yasiyoisha, nakamua yanatoka, natulia, nakamua tena yanatoka. Ikaingia oveni. Nusu saa juu rangi ya dhahabu safi kabisa, nikapiga na picha, nikamtumia mtaalamu. Nikainamisha trei ili nikate, maji ya kijani yakatiririka mpaka kwenye soksi zangu. Chini uji mtupu. Bibi akaangalia, akaniuliza kwa upole, mwanangu, hii niilie kijiko?

Kuanzia siku ile akahamia jikoni. Mikono yake ina baridi yabisi hawezi kukanda, lakini akawekewa kiti mezani na fimbo yake, ile fimbo ndo ilikuwa inaonyesha.

Spinachi haichemshwi. Unaosha, unaacha ichuje vizuri, unakatakata, unanyunyiza chumvi kidogo na kuifikicha kwa mikono mpaka inywee, unaiacha kidogo kisha unaikamua kwenye kitambaa kwa nguvu zako zote. Ni mbichi bado, rangi na ladha vyote vipo. Humo unaongeza vitunguu vya majani fungu zima, na anithos (dill), yale majani membamba yenye harufu yanayouzwa kila genge la hapa, usiyaonee choyo, bila hayo hiyo siyo spanakopita. Majira ya kuchipua bibi anataka na majani pori, viwavi (yale majani yanayowasha, siyo wadudu), chika, na mengine ambayo jina lake kwa Kiswahili sijalipata hadi leo, hiyo sasa inakuwa hortopita. Mi sokoni naenda mwishoni, wauzaji wa laiki, lile soko la mtaani, wakianza kufunga bei inaporomoka, unarudi na mzigo wa majani kwa hela ya kahawa.

Feta nunua ya kweli. Kisheria inatakiwa iwe maziwa ya kondoo, angalau asilimia 70, kinachobaki mbuzi, na tangu 2002 Umoja wa Ulaya umelilinda hilo jina kwa Ugiriki peke yake. Kuna jibini jeupe la ng'ombe la bei chee linafanana kwa macho, usidanganyike, halina ule ukali. Kwa kilo ya spinachi tia gramu 300 mpaka 400 na mayai mawili, na chumvi nyingine usiweke kabla hujaonja. Kipindi cha Kwaresima mayai na feta vinatoka, maana Waorthodoksi wanaofunga hawagusi nyama, mayai wala vitu vya maziwa, inabaki majani na mafuta ya zeituni, na nikwambie ukweli ile ya mfungo mi naipenda zaidi.

Sasa donge. Ukimuuliza bibi unga kiasi gani anajibu kiasi litakachochukua. Maji je? Mpaka uone linatosha. Nikamtegea mizani ya jikoni chini ya bakuli, nikaifunika na taulo, kila anachoamuru nimimine nachungulia namba. Kwa hiyo vipimo hivi nimeviiba, msimwambie: unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko cha chai, mafuta ya zeituni vijiko vinne vya chakula, siki kijiko kimoja na nusu, maji ya uvuguvugu kama mililita 260. Siki inalainisha donge lisikurudie ukilisukuma. Lipumzishe nusu saa au zaidi, usiliharakishe.

Hapa ndo nilipopatia jina. Bibi akaanza kunielekeza: kata vidonge, sukuma kila kimoja kifike upana wa kisosi, paka siagi iliyoyeyushwa, weka kingine juu, paka, kingine, vifike vinne vitano, cha juu usipake. Mi tayari naona. Hii si manda! Mama yangu Tanga aliuza sambusa miaka nenda rudi, na manda za sambusa ndo hivyo hivyo, vidonge vinapakwa mafuta na unga, vinabebeshwa, vinasukumwa kwa pamoja, vinapita kikaangoni kidogo halafu unavibandua moja moja vya moto vinakuunguza vidole. Tofauti huku hubandui. Unaweka ule mrundiko kwenye friji dakika 20 siagi ishike, kisha unasukuma wote uwe shuka moja kubwa kupita trei, na matabaka yanabaki humo humo, oveni ndo itayainua. Shuka moja chini, moja juu, mchezo umekwisha, huna haja ya kusukuma karatasi kumi.

Wao wanatumia plastis, fimbo ndefu nyembamba, wanaliviringisha donge juu yake. Mi nikachukua ule mti wangu mfupi wa chapati uliotoka nyumbani nikasukuma mduara bila kona hata moja. Fimbo ya bibi ikasimama hewani. Nani kakufundisha? Mama. Kwenu mnapika pita (yaani pai)? Nikamwambia tunazikunja pembe tatu tunazikaanga. Akawapigia simu binti zake wote. (Baadaye nikajua Wagiriki wa Pontos, wale ambao asili yao ni pwani ya Bahari Nyeusi, wana kitu kinaitwa perek, mashuka yanabanikwa juu ya chuma cha moto yanakaushwa kwa ajili ya baridi. Hao sasa ni ndugu kabisa wa manda. Na Wagiriki walijaa mkoani kwetu kwenye mashamba ya mkonge enzi za ukoloni, pai zao sijui walikuwa wanawaficha nani.)

Chini ya majani nyunyiza suji kiganja kimoja, inakunywa maji yaliyobaki. Kabla haijaingia oveni kata shuka la juu vipande, mvuke utoke, ukisubiri iive ndo ukate itapasuka vibaya. Pakaa mafuta, rashia maji juu kwa vidole. Nyuzi 180, reli ya chini kabisa, saa nzima, siyo nusu saa ya mtaalamu wetu. Kujua imeiva tikisa trei, pai ikicheza yenyewe bila kushika chini basi tayari. Na usiifunike ikitoka, itatoa jasho.

Mwaka Mpya ndo nikapewa mtihani. Kwingi hapa vasilopita ni keki, ile ya sarafu ndani, anayeipata ndo mwenye bahati ya mwaka, lakini Epirus wengi wanafanya pai ya chumvi, ya nyama au jibini. Nikafanya ya nyama na liki, sarafu nikaifunga kwa foili. Binti mkubwa akakata: kipande cha Kristo, cha Bikira Maria, cha nyumba, halafu watu kwa umri, mimi wa mwisho mwisho huko. Sarafu ikaangukia kipande cha nyumba. Wakwe wakabaki wanabishana pai imenunuliwa wapi, bibi yuko kimya anakula, kipande cha pili, cha tatu.

Ukiwa mvivu kuna alevropita, ya Zagori hiyo hiyo, haina shuka. Unga gramu 250, mayai mawili, maziwa na maji kama mililita 400, unamimina kwenye trei pana iliyopakwa siagi na kupashwa moto, iwe nyembamba sana, feta juu, siagi tena, oveni nyuzi 220 mpaka ikauke kingo. Hata wanangu wa geto wanaiweza. Na pai ikilala, pasha kwenye kikaango kikavu moto mdogo, maikrowevu achana nayo, na pembeni maziwa mgando, watu wa Epirus nao wanashushia hivyo hivyo.