Kugawanya tu, mpaka saa nane usiku

Jamani kugawanya, kitu tumefundishwa tukiwa wadogo kabisa, juzi kimenikesha mpaka saa nane usiku. Nilikuwa naandika, ndani ya keneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi), kadraiva (kiprogramu cha kuendesha kifaa) ka HC-SR04, ile sensa ya macho mawili inayopima umbali kwa mwangwi, kwenye laptop yangu ya biti 64 inakompaili fresh kabisa, nikaihamishia BeagleBone Black, kikompyuta cha bodi moja ambacho prosesa yake ni Cortex-A8 ya biti 32, ikagoma: eti `__aeabi_uldivmod` haijulikani. Na mimi hilo jina sijaliandika popote!

Kumbe ni kompaila, ile programu inayogeuza kodi kuwa lugha ya mashine. Prosesa ya biti 32 haiwezi kugawanya u64 (namba nzima ya biti 64 isiyo na hasi) kwa mkupuo, kwa hiyo ukiweka `/` kompaila inaita fankshoni ya libgcc (maktaba saidizi ya kompaila ya GCC), na keneli ya Linux hailinkiwi na libgcc. Siyo kwamba waandishi wa keneli wamesahau, maana ugawanyaji wa biti 32 kwa ARM wameuandika wenyewe, huu wa 64 ndo wameuacha makusudi kwa sababu ni mzito, ukiutaka uuite kwa jina. Usiku ule niliwasonya sana, sasa hivi nawaelewa.

Basi nikakimbilia `do_div`, makro (kodi fupi yenye jina) ya keneli ya kugawanya namba za biti 64. Mwangwi (`ns`) ulikuwa nanosekunde 1,755,000, kila sentimita ni kama 58,000, nikaandika `cm = do_div(ns, 58000)`, ikaniambia ukuta uko sentimita 15,000. Mita 150, na chumba changu kitanda kinagusa meza! Hii makro jibu inaliacha humohumo kwenye `ns`, inachokurudishia ni baki. 30 baki 15,000, ndo hiyo. Tena ukiipa kigawanyo cha biti 64 inakikata kimya kimya kiwe 32. Afadhali `div_u64` ya linux/math64.h, inarudisha jibu kama binadamu wanavyotegemea, na kigawanyo kikiwa kipana nacho ipo `div64_u64`.

Asubuhi nakunywa chai ndo nikacheka mwenyewe, kumbe hata sikuzihitaji. Saa ya keneli kweli ni biti 64, lakini mwangwi mrefu wa sensa hii ni kama milisekunde 38, yaani nanosekunde milioni 38, na u32, ndugu yake u64 wa biti 32, inabeba bilioni 4 na ushee. Nikatoa kwanza muda wa mwanzo kwenye wa mwisho, tofauti nikaitia kwenye u32, nikagawanya kwa `/` ya kawaida. Ikasoma 30.