Mkia wa kaboni 15

Msimu umeshika kasi Mtwara, na maganda ya korosho yamerundikana tena kwenye mabanda ya kubangulia. Mbanguaji anayajua kwa vidole: mafuta yake hubabua ngozi. Mkemia yana namna nyingine ya kumtesa.

Sehemu kubwa ya mafuta mabichi ya ganda ni asidi ya anakadi, ambayo molekuli yake ina mkia, yaani mnyororo wa kaboni 15. Ila mikia haifanani: mingine ina bondi maradufu (kaboni mbili zilizoshikana kwa viungo viwili) moja, mingine mbili, mingine tatu, michache haina kabisa. Ukijaribia mmenyuko mpya humo, mazao yanakuwa chungu nzima na hujui lipi limetoka wapi.

Dawa ni kuikata mikia ifanane. Kwanza asidi igeuzwe kadanoli, yaani ipoteze hewa ya ukaa, kwa moto. Nyuzi 140 zinatosha, polepole, chupa ikijaa theluthi tu, maana hewa ya ukaa hutoka kwa povu linalopanda hadi kwenye kipozeo, bomba la kupozea mvuke juu ya chupa. Shahidi ni mzani: gramu 100 za asidi safi hupoteza karibu gramu 13. Zikipungua 9 tu, kazi haijaisha, lakini usichochee moto kwa pupa; ukizidisha, mafuta yanashikana na utaishia kukwangua lami.

Sasa utamu wenyewe. Kila mkia wenye bondi maradufu, ya kwanza iko palepale, kati ya kaboni ya 8 na ya 9. Ikate kwa gesi ya ethilini na kichocheo cha metali ya rutheni (hii ndiyo metathesisi, molekuli kubadilishana vipande penye bondi maradufu, iliyowapa wanakemia Chauvin, Grubbs na Schrock Nobeli ya 2005), na mikia mitatu tofauti inatoa fenoli (jamii ya kadanoli) ileile, yenye mkia wa kaboni 9. Vinavyotofautiana ni vipande vilivyokatwa tu.

Kinachoharibu mara nyingi ni peroksidi. Mafuta yaliyoachwa wazi kwenye joto hili la pwani hula oksijeni na kuzaa peroksidi, nayo huua kichocheo. Yafunge chini ya nitrojeni, gizani, na uyapime kwa karatasi ya iodidi na wanga. Ikigeuka buluu, usipoteze rutheni yako.

Tena kichocheo hakifi kimya. Mabaki yake huhamisha bondi, na kwenye kromatografia, kipimo kinachotenganisha mchanganyiko na kuchora kila kitu kama kilele, utaona vilele vya mikia ya kaboni 8 na 10 vikiota pembeni ya 9. Wengi huvisafisha wakaendelea. Huo kwangu ni uzembe. Wapo waliohamisha bondi kwa makusudi huku wakikata, wakafupisha mkia hadi kaboni 3 na 2, wakapata fenoli zinazovuta mbung'o mtegoni. Ila kabla ya kushangilia kilele kipya, endesha chupa ya pili isiyo na kichocheo, joto lilelile, saa zilezile, ujue kama kilele kimeletwa na kichocheo kweli.