Nilivyoacha kujitukana baada ya kumpoteza mtoto

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba maziwa yangekuja. Mtoto alizaliwa akiwa ameshafariki, mimba ikiwa ya miezi minane, nami nilidhani mwili nao umepata habari. Niko nyumbani Kaptembwo, mtaa wa Nakuru, nimekaa kitandani, mara blauzi inalowa kifuani. Jirani wa ploti, mama mtu mzima, akatoka bila kusema kitu, akarudi na kabichi. Akanibandika majani yale baridi kwenye matiti, akanifunga leso ikakaza, akaninywesha uji. Neno la faraja hakutoa hata moja, na mpaka leo namshukuru yeye kuliko wote waliosema.

Maana waliosema walikuwa wengi. Utapata mwingine. Mungu alimpenda zaidi. Shukuru wewe uko hai. Hospitali niliyojifungulia (sitaitaja) walikuwa wamenilaza wodi moja na akina mama wenye vichanga, na usiku kila kichanga kikilia mimi ndiye ninayeshtuka. Halafu mama mkwe akaja kutoka Molo, akauliza mbele ya mawifi kama huu mwili wangu kweli huwa unashika kitu. Mume wangu akaangalia sakafu.

Lakini mama mkwe aliuliza mara moja tu, akanywa chai, akapanda gari la kurudi kwao. Mimi ndiye niliyelichukua swali lile nikaendelea nalo. Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani yangu kwenye baraza, karibu na barabara ya matatu za kuingia mjini. Uzi ukikatika nasema moyoni: ndiyo maana. Chai ikimwagika: ndiyo maana. Nilikuwa naoga taa ikiwa imezimwa ili nisilione tumbo. Wateja wajawazito wakileta madera, "Fundi, niongezee hapa kiunoni kidogo," nilikuwa nafumua mshono huku najiambia mambo ambayo nisingemwambia hata mwizi wa kuku.

Na kesi yangu ilikuwa na ushahidi, nilihakikisha. Nilikuwa nimeanika nguo nikiinua mikono, na mama mmoja wa jirani alishasema hilo humfunga mtoto kitovu shingoni. Nilikuwa nimepanda boda kwenda mjini kununua vitambaa. Nilikuwa nimeinua mashine kuiingiza ndani mvua iliponyesha. Usiku nilikuwa nauleta ushahidi huo mmoja mmoja, na mimi ndiye hakimu, na hukumu naijua tangu jana yake.

Ikafika mahali nikaona mume wangu angepumzika kama nisingekuwepo. Sikumwambia mtu. Mtaani kila mmoja alijua kwamba ukijaribu kujiua ukashindwa, polisi wanakungoja, kwa sababu sheria ya Kenya ililihesabu kuwa kosa la jinai. Ni Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu hicho, cha 226, kuwa kinyume cha katiba. Wakati wangu bado kilikuwepo, na kilifunga midomo mingi. Usiku mmoja nilipiga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, nikiwa nimejifungia chooni nikinong'ona. Aliyepokea aliniuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani, akaniomba nimwamshe. Nikamwamsha mume wangu. Asubuhi yake tulikuwa kwenye benchi la kliniki, yeye amevaa koti la kazi na kazi hajaenda.

Sista wa ushauri nasaha pale kliniki hakuanza na hisia. Alianza na ushahidi wangu, mmoja mmoja. Kuinua mikono hakufungi kitovu shingoni. Kitovu huzunguka kwa sababu mtoto mwenyewe anajigeuza tumboni, na wengi huzaliwa hivyo wakiwa hai. Safari yangu ya boda haikumuua mtoto. Mashine haikumuua. Alisoma faili, akasema sababu haikuonekana, na kwamba mara nyingi haionekani kabisa hata baada ya vipimo. Kisha akaniambia kwamba mwaka 2021 watoto wapatao milioni 1.9 duniani walizaliwa wakiwa wamekufa, kwa kuhesabu mimba za kuanzia wiki ya 28.

Nilimuuliza kama mama zao wote waliinua mashine. Alicheka, nami nikacheka, kisha nikalia vibaya sana.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Nilitoka kliniki nikijua sina hatia, na nikaendelea kujichukia vilevile. Niliporudi kwa sista na malalamiko hayo hakushangaa. Alinieleza kuhusu Paul Gilbert, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliyegundua kwamba wagonjwa wake walikuwa wanajua kabisa majibu sahihi ya kujipa, ila waliyasema ndani kwa sauti ya ukali, na hayakuwafaa kitu. Nilijisikiliza nikaona ndivyo nilivyo. Nilikuwa najiambia, "Huna hatia, mjinga wewe, mbona huelewi?"

Nyuma ya kadi yangu ya kliniki akaandika mambo matatu. Alisema yanatoka kwa Mmarekani, Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyechapisha utafiti wake kuyahusu mwaka 2003: kujitendea kwa upole pale unapoumia, kukumbuka kwamba kuumia ni kwa wanadamu wote na si laana yako peke yako, na kuuangalia uchungu ulivyo bila kuuficha wala kuukuza. La pili lilinisaidia mapema, kwa sababu ya zile milioni. La kwanza lilinitia aibu. Alitaka niweke mkono kifuani nivute pumzi polepole, nami nilijiona kama mtu anayeigiza. Nilifanya hata hivyo, kwenye karai la kuogea, ambako hakuna anayeniona.

Hapa niseme kitu kuhusu hili neno "jipende" linalozunguka kwenye status za watu. Halikunisaidia, liliniongezea mzigo. Mtu anayejichukia ukimwambia ajipende, umempa mtihani mwingine wa kufeli. Sista hakuniambia nijipende. Aliniambia nisijipige.

Kazi aliyonipa ilikuwa kuandika, kwa siku moja, kila neno ninalojiambia, bila kulipamba. Karatasi sikuwa nayo, nikatumia kurasa za nyuma za daftari la vipimo, lile lenye majina ya wateja, kifua, kiuno, urefu wa sketi. Jioni ukurasa ulikuwa umejaa. Sehemu ya pili ya kazi ndiyo iliyonishinda: kumsomea mtu mmoja ninayemwamini. Nilikaa nayo siku kadhaa, kisha nikampigia dada yangu mkubwa aliye Kitale. Sikumweleza ni nini. Nilisema tu, "Dada, nisikilize nikusomee kitu," nikaanza. Umeoza ndani. Hata kuku hutotoa. Utamfanya huyu mwanamume azeeke bila jina.

Hakuningoja nimalize.

"Wewe mtoto, nani amekuambia maneno hayo? Ni huyo mama wa Molo?"

"Hapana, dada."

"Basi ni nani? Nitajie. Kesho nitapanda gari la asubuhi nije nimshike mdomo."

"Ni mimi."

Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado. Akasema, "Nenda upike, usikate simu," na akakaa pale sikioni mwangu nikikata sukuma, nikikaanga kitunguu, akinihadithia habari za mahindi yake na ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani. Tulipomaliza nilikuwa nimekula sahani nzima. Hatukurudi kwenye lile daftari hata kidogo. Lakini tangu siku hiyo, sauti ile ikianza, nasikia na dada akiuliza nani huyo, nimshike mdomo, na mara nyingine nacheka peke yangu kwenye mashine. Wateja wamezoea.

Kilichonipa shida zaidi kukiacha ni ile imani kwamba kujikaripia ndiko kunakonifanya nifanye kazi. Nilimwambia sista: nikijionea huruma, nitalala. Alisema karibu kila mtu huhofia hivyo, akanishauri nijaribu kwenye jambo dogo, nisianze na mtoto. Januari ikafika na sare za shule, nguo zimerundikana, wazazi wananipigia simu tangu alfajiri. Nikapindua mkono wa shati moja, nikaushona nje-ndani. Zamani hapo ningejitukana mpaka mikono itetemeke, shati ningelificha chini ya meza, na mzazi ningemdanganya kwamba stima ilipotea. Safari hii nilijisemea kwa sauti, kama ninavyomwambia msichana anayejifunza kwangu, "Umechoka. Fumua, kunywa maji, anza tena." Shati likatoka jioni hiyohiyo. Sikuwa nimegeuka mvivu. Nilikuwa nimeacha tu kupoteza saa nzima kujiadhibu kabla ya kurekebisha kosa la dakika chache.

Kwa mwili nilikwenda polepole zaidi. Kwanza niliacha taa ikiwaka nikiwa naoga. Baadaye nikaanza kujipaka mafuta tumboni, sehemu niliyokuwa nairuka. Nilikuwa najisemea kwamba hili ndilo lililombeba miezi yote ile na kumlisha; na hilo ni kweli, halihitaji kuamini miujiza. Siku nyingine nililiruka tena. Sista alisema si neno.

Mume wangu ndiye aliyenishangaza. Mimi nilikuwa nimeshika kwamba ananilaumu, kwa sababu hazungumzi. Siku moja nilimwonyesha ile kadi ya kliniki yenye mambo matatu. Aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Ndipo aliponieleza yaliyotokea nilipokuwa wodini: yeye na kaka yake walimchukua mtoto wakaenda kumzika Molo, na njiani alimpakata mapajani muda wote, hakukubali awekwe kwenye buti. Alikuwa amejihukumu kwa kuwa siku ile mtoto alipoacha kucheza yeye alikuwa kazini Naivasha, na kwa kuwa alimwacha mama yake aniulize lile swali akanyamaza. Miezi yote ile tulikuwa wawili tunaojitukana chumba kimoja, kila mmoja akidhani mwenzake anamtukana yeye. Nikamuuliza mtoto alifanana na nani. Akasema pua ilikuwa yangu. Tukampa jina usiku ule. Ni letu, silitaji hapa, ila nilikwenda Molo nikaona mahali alipolala, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenionyesha, akang'oa nyasi pembeni bila kusema lolote. Sijui kama ilikuwa msamaha. Niliipokea kama ilivyo.

Sauti haijaisha. Hunijia ukifika ule mwezi, na nikiwa na njaa, na nikisikia mtu amejifungua pacha. Kliniki sasa naenda mara chache. Lile daftari la vipimo lilijaa, nikanunua jipya, na kurasa zile za nyuma nilizikata nikazichoma jikoni.

Kuna jambo nilikuwa siwezi kulifanya na sasa nalifanya. Wajawazito bado wanaleta madera kuongezewa kiuno. Zamani nilikuwa napima haraka, macho pembeni, waondoke. Sasa namuuliza kila mmoja mtoto anachezaje. Wengi hucheka wakasema anapiga mateke kama Harambee Stars. Lakini mmoja mwezi uliopita alisita, akasema tangu jana ametulia, labda amelala. Mimi nilikwenda hospitali siku ileile wangu aliponyamaza, na moyo wake ulikuwa umeshasimama; najua kwenda mapema hakuokoi kila mtoto. Najua pia huokoa wengine. Nilimwambia aache nguo hapo mezani, nikasimamisha boda, nikamlipia, nikamwambia akifika asikubali kuambiwa arudi kesho, aombe wasikilize moyo wa mtoto. Jioni alinipigia kwamba moyo umesikika, wamemlaza wamwangalie, na kama dera limeisha, kwa sababu harusi ya wifi yake ni Jumamosi.